Fahali Wawili wa Maranello

Wahenga waliposema kuwa fahali wawili hawakai zizi moja, walitaja fahali tu. Juu ya mwenye zizi hawakusema neno. Walakini fahali hawajifungi wenyewe. Yuko mtu afunguaye mlango, amwingizaye fahali wa kwanza, kisha wa pili, naye ajua tangu siku hiyo kwamba watapigana. Katika mbio za motokaa, mchezo ambao Ulaya ya karne ya ishirini iliupenda na kuuogopa kwa kiasi kile kile, jambo hili lilionekana mara nyingi. Lakini pengine halikuonekana kwa uchungu kama katika mwaka wa 1961, wakati Phil Hill wa Marekani na Wolfgang von Trips wa Ujerumani walipogombea ubingwa wa dunia hali wote wawili ni watumishi wa kiwanda kimoja, kiwanda cha Ferrari kilichoko Maranello katika nchi ya Italia.

Kabla ya kuingia katika habari yenyewe, yampasa msomaji asiyeuzoea mchezo huu ajue namna ubingwa ulivyohesabiwa. Mashindano ya ubingwa wa madereva yalianza mwaka 1950. Kila mwaka hufanyika mashindano kadhaa katika nchi mbalimbali, na kila shindano huwapa alama wale waliotangulia. Mwaka 1961 yalikuwa mashindano manane. Wa kwanza alipata alama 9, wa pili 6, wa tatu 4, wa nne 3, wa tano 2, na wa sita 1. Tena dereva hakuhesabiwa alama zake zote: yalichukuliwa matokeo yake matano yaliyo bora, na mengine yakatupwa. Sheria hii, ambayo kwa macho ya mtu wa nje ni jambo la makarani, ilikuja kuwa na maana kubwa mwisho wa mwaka ule.

Jambo jingine la kujua ni hili. Dereva ashindwapo na mtu wa kiwanda kingine, ana udhuru wa kutoa: aweza kusema injini yake ilikuwa dhaifu, au breki zake hazikushika. Ashindwapo na mwenziwe wa kikosi, aliyepanda chombo kilichoundwa na mafundi wale wale katika karakana ile ile, udhuru huo haupo. Mwenzi ndiye mizani. Kwa hiyo madereva wengi wamewaogopa wenzi wao kuliko walivyowaogopa wageni, hata pale walipokula nao meza moja na kucheka nao.

Mwaka 1961 mizani hiyo ilikuwa na uzito usio wa kawaida, kwa sababu wageni hawakuwa na nguvu. Mwishoni mwa mwaka 1958 wakuu wa mchezo walikuwa wametangaza kwamba kuanzia 1961 injini zisizidi lita 1.5, badala ya lita 2.5 zilizokuwa zikiruhusiwa, na motokaa isipungue uzito wa kilo 450. Kusudi lao lilikuwa kupunguza mwendo na hatari. Waundaji wa Kiingereza, ambao wakati huo walianza kutamalaki mchezo huu, waliikataa kanuni hiyo, wakaipinga, wakatumaini kwamba itafutwa, na walipotambua kuwa haitafutwa wakajikuta hawana injini mpya. Ilibidi watumie injini ya Climax yenye silinda nne, iliyokadiriwa kuwa na nguvu za farasi wapatao 150. Ferrari hakupoteza wakati kwa kulalamika. Mhandisi wake, Carlo Chiti, alikuwa na injini ya silinda sita iliyotoa nguvu za farasi wapatao 190. Tofauti ya farasi 40, katika chombo chepesi namna ile, ni tofauti ya jahazi na ngalawa.

Nayo ilikuwa hatua kubwa kwa Enzo Ferrari mwenyewe. Mzee huyu alikuwa ameshikilia kwa muda mrefu kuwa injini haina budi kukaa mbele ya dereva. Husimuliwa kwamba alipenda kukumbusha watu kuwa mnyama hufungwa mbele ya mkokoteni, si nyuma yake. Waingereza wa Cooper walikwisha kuweka mnyama nyuma, na kwa chombo hicho Jack Brabham wa Australia alitwaa ubingwa wa mwaka 1959 na wa 1960. Ferrari akakubali somo hilo kimya kimya. Motokaa mpya ya 1961 ilibeba injini mgongoni, na mdomo wake ulikuwa na matundu mawili yaliyochongoka kama pua ya papa. Hata leo wapenzi wa mchezo huiita kwa jina la samaki huyo. Kuanzia majira ya kuchipua, kila mtu aliyejua mambo alijua kuwa bingwa atatoka Maranello. Lililobaki kuulizwa ni jina lake.

Phil Hill alizaliwa Miami tarehe 20 Aprili, 1927, akakulia Santa Monica katika jimbo la California. Alipokuwa na umri wa miaka 12 tu alipata motokaa yake ya kwanza, Ford ya kale, kutoka kwa mtu wa jamaa yake. Akaifungua, akaifunga, akaijua. Ufundi ulimwingia kabla ya udereva. Mwaka 1949 alikwenda Uingereza kujifunza kazi katika kiwanda cha Jaguar, na wazazi wake walipofariki, wote wawili katika mwaka 1951, alitumia sehemu ya urithi wake kununua Ferrari. Alikuwa mtu wa wasiwasi mwingi. Tumbo lilimsumbua kwa vidonda vilivyotokana na fikira, na kabla ya mbio hakuweza kutulia mahali pamoja. Alipenda muziki wa opera na vinanda vya kale vinavyojipiga vyenyewe. Mtu wa namna hiyo, mwenye kuhesabu kila hatari, hakufanana na picha ya shujaa iliyochorwa na magazeti. Na yamkini ndiyo sababu katika miaka yote ya kazi yake hakuumia vibaya hata mara moja.

Von Trips alikuwa kinyume chake karibu katika kila jambo. Alizaliwa tarehe 4 Mei, 1928, mwana wa pekee wa ukoo wa kikabaila wa karibu na mji wa Köln, wenye cheo cha urithi kiitwacho Graf. Nyumba yao ilikuwa ngome ya Hemmersbach huko Horrem. Alikuwa mcheshi, mwenye adabu nzuri na sura ya kupendeza, na Wajerumani, ambao baada ya vita hawakuwa na mashujaa wengi wa kuwaonyesha walimwengu, walimfanya mpenzi wao. Hapo mwanzo sifa yake barabarani ilikuwa mbaya. Mwaka 1956 aliiangusha motokaa ya Ferrari katika mazoezi ya Monza, na mwaka 1958, katika uwanja ule ule, aligongana na mwingine katika mzunguko wa kwanza akavunjika mguu. Lakini aliyeendesha mwaka 1961 hakuwa kijana yule tena. Alikuwa amejifunza kusubiri.

Hawa wawili hawakupata nafasi zao kwa ushindi peke yake. Nafasi ziliachwa wazi na waliokufa. Katika muda usiotimia miaka miwili, Ferrari alipoteza Eugenio Castellotti na Alfonso de Portago mwaka 1957, kisha Luigi Musso na Peter Collins mwaka 1958. De Portago alipoanguka katika mbio za Mille Miglia alikufa pamoja na watu waliokuwa kando ya njia, baadhi yao watoto, na Enzo Ferrari alishtakiwa mahakamani, ijapokuwa baadaye alitolewa hatia. Gazeti la Vatikani lilimfananisha na Saturno, yule mungu wa visasili vya Kirumi aliyekula watoto wake. Hill alikuwa ameendesha Ferrari kwa miaka kadhaa katika mbio ndefu, na mwaka 1958 alikuwa ameshinda saa 24 za Le Mans pamoja na Olivier Gendebien wa Ubelgiji; walakini katika motokaa za ubingwa Ferrari hakumpa nafasi mpaka Musso na Collins walipokwisha kuzikwa.

Lazima litajwe hapa tendo moja la Hill, maana ndilo limpimalo mtu. Tarehe 19 Oktoba, 1958, katika shindano la mwisho la mwaka lililofanyika Ain-Diab, kando ya Casablanca huko Moroko, Hill alikuwa wa pili, na nyuma yake alikuwapo mwenziwe wa kikosi, Mwingereza Mike Hawthorn. Hawthorn alihitaji nafasi ya pili ili awe bingwa mbele ya Stirling Moss. Hill alipewa ishara, akapunguza mwendo, Hawthorn akapita. Ubingwa ukaamuliwa kwa alama moja, 42 kwa 41. Na kabla ya Hill, katika Monza ya mwaka 1956, Peter Collins alitoka kwa hiari yake ndani ya motokaa akampa Juan Manuel Fangio, ambaye chombo chake kilikuwa kimeharibika. Collins, aliyekuwa na umri wa miaka 24 na bado ana njia ya kuwa bingwa yeye mwenyewe, aliuacha ubingwa uende kwa Mwajentina. Kwa hiyo yeyote adhaniaye kwamba watu hawa walikuwa wanyama wa pembe, wasiojua ila kushindana, hakusoma historia yao.

Kumbe ishara ya Casablanca ilitoka wapi? Ilitoka kwa wakubwa wa kikosi. Na mwaka 1961 wakubwa hao hawakutoa ishara ya namna hiyo. Enzo Ferrari, ambaye kwa desturi hakuhudhuria mashindano bali alipokea habari akiwa nyumbani, hakumtaja mkubwa wa madereva wake. Hill hakuambiwa kuwa yeye ndiye wa kwanza. Von Trips hakuambiwa. Richie Ginther, Mmarekani wa tatu katika orodha, naye hakuambiwa. Wako waliolieleza jambo hili kuwa ni haki: kila mtu apewe chombo sawa, na aliye bora ashinde. Hoja hiyo ina ukweli, walakini ni ukweli nusu. Mzee wa Maranello aliamini kwamba dereva mwenye mashaka juu ya nafasi yake huenda kwa kasi zaidi kuliko dereva mwenye yakini. Mashaka yalikuwa sehemu ya mtambo, kama vile mafuta na plagi.

Msimu ulianza Monaco tarehe 14 Mei, nao ulianza kwa aibu. Stirling Moss, akiendesha Lotus ya mwaka uliopita iliyokuwa mali ya tajiri mmoja, Rob Walker, na ambayo alikuwa ameivua mabati ya ubavuni ili apate hewa, aliwashinda Ferrari watatu katika mbio za mizunguko 100 za vichochoro vya mji ule. Ginther alikuwa wa pili, Hill wa tatu, von Trips wa nne. Moss akarudia mwujiza wake huko Nürburgring tarehe 6 Agosti. Haifai kulificha jambo hili: dereva aliye hodari kuliko wote mwaka ule hakuwa katika zizi la Maranello. Penye kona nyingi ustadi wa mkono uliweza kuziba upungufu wa farasi 40. Penye njia ndefu zilizonyoka haukuweza.

Kati ya Monaco na Nürburgring shauri lilikuwa la Ferrari. Zandvoort katika Uholanzi, von Trips alishinda, Hill akawa nyuma yake kwa sekunde 0.9. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mjerumani tangu ubingwa wa dunia kuanzishwa. Tena, kwa kioja cha historia, motokaa zote 15 zilizoanza zilimaliza, wala hakuna hata moja iliyosimama bandani kwa mafundi. Spa katika Ubelgiji, tarehe 18 Juni, mambo yakageuka: Hill wa kwanza, von Trips wa pili kwa sekunde 0.7, na Ferrari nyingine mbili za Ginther na Gendebien zikashika nafasi ya tatu na ya nne. Wiki moja kabla ya hapo Hill na Gendebien walikuwa wameshinda tena saa 24 za Le Mans. Aintree katika Uingereza, chini ya mvua kubwa, von Trips wa kwanza na Hill wa pili. Mtu akizitazama tarakimu hizi ataona kwamba watu hawa wawili walikimbia jozi moja kwa miezi, wakiachana kwa pumzi moja, wala hawakugusana. Waendao kasi ya kilomita zaidi ya 200 kwa saa, gurudumu kwa gurudumu, hawana budi kuaminiana. Chuki haiwezi kukaa karibu namna hiyo bila kumwaga damu. Kilichokuwa kati yao kilikuwa kitu kizito kuliko chuki: kila mmoja alimwona mwenziwe kuwa ndiye mlango pekee uliobaki kati yake na tamaa ya maisha yake.

Palipoharibika pa Hill ni Reims, katika Ufaransa, tarehe 2 Julai. Siku ile lilikuwa jua kali hata lami ikayeyuka. Injini ya von Trips ilikufa mapema. Hill aliongoza, na alama 9 zilikuwa zinamngoja, kisha akateleza katika kona ya Thillois, motokaa yake ikazunguka, ikagongwa, injini ikazimika. Alipofaulu kuiwasha tena mbio zilikwisha kumpita, akamaliza wa tisa bila alama. Ginther naye akaharibikiwa. Heshima ya Ferrari ikaokolewa na kijana Giancarlo Baghetti, aliyekuwa katika shindano lake la kwanza kabisa la ubingwa, akamtangulia Dan Gurney kwenye mstari kwa sekunde 0.1. Baghetti hakushinda tena shindano la ubingwa maisha yake yote.

Baada ya Nürburgring, ambako von Trips alikuwa wa pili na Hill wa tatu, hesabu ilisimama hivi: von Trips alama 33, Hill 29. Yalibaki mashindano mawili, Monza katika Italia na Watkins Glen katika Marekani. Von Trips akishinda Monza, mambo yamekwisha.

Uwanja wa Monza, ulioko karibu na Milano, uliendeshwa mwaka ule kwa njia yake ndefu ya kilomita 10, ambayo huunganisha barabara ya kawaida na kona za saruji zilizoinuliwa kama ukuta. Mwaka mmoja kabla yake Waingereza walikataa kuja kwa sababu ya kona hizo, na Hill akashinda bila wapinzani wa maana. Safari hii walikuja. Ferrari walileta motokaa tano. Von Trips alipata nafasi ya kwanza ya kuanzia, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Kando yake alisimama Ricardo Rodríguez wa Meksiko, mtoto wa miaka 19. Hill alikuwa wa nne.

Jumapili tarehe 10 Septemba, 1961, bendera iliposhuka, von Trips hakuondoka vizuri, akajikuta nyuma ya wenziwe wa kikosi na katikati ya wageni. Hill alikuwa mbele. Katika mzunguko wa pili, wakikaribia kona iitwayo Parabolica, gurudumu la mbele la Lotus ya Jim Clark na gurudumu la nyuma la Ferrari ya von Trips yaligusana. Ferrari ikapanda ukingo wa majani upande wa kushoto, ikapita juu ya ua wa waya ambapo watu walikuwa wamesongamana ili waone vizuri, kisha ikarudishwa njiani ikiwa imevunjika. Von Trips alirushwa nje akafa. Watazamaji 15 waliuawa. Clark alitoka mzima; uchunguzi wa sheria ulimfuata kwa muda mrefu, na mwisho hakutiwa hatiani.

Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Lakini msemo huo umezoeleka mno hata hauumi tena, na pengine heri kusema wazi. Watu 15 walikuja Jumapili na chakula chao kutazama motokaa nyekundu za nchi yao zikishinda, wakafa wakiwa wamesimama nyuma ya seng'enge. Katika vitabu vingi vya mchezo huu wao ni tarakimu inayofuata jina la von Trips, nayo huandikwa mara nyingi baada ya alama ya mkato.

Mbio hazikusimamishwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba umati ukiondoka kwa pamoja ungeziba njia za kuwaokoa majeruhi. Motokaa ziliendelea kupita mahali pale kwa mizunguko mingine 41. Ferrari za Rodríguez na Baghetti zikaharibika, kisha ya Ginther. Kati ya tano ikabaki moja. Hill alimaliza wa kwanza, Gurney wa pili, Bruce McLaren wa tatu. Hill alipata habari ya kifo baada ya kushuka, na kwa habari hiyo hiyo akajua kwamba yeye ni bingwa wa dunia, Mmarekani wa kwanza kupata heshima hiyo.

Hapa ile sheria ya makarani inarudi. Hill alikuwa amekusanya alama 38, lakini matokeo matano yaliyo bora yalitoa 34. Von Trips alibaki na 33. Bingwa alimshinda maiti kwa alama moja. Na hesabu hiyo ina upande mwingine ambao waandishi wa michezo huupita haraka. Tuseme injini ya Hill ingekufa siku ile kama zilivyokufa injini za wenziwe watatu. Hill angebaki na 29, von Trips na 33, na Moss aliyekuwa na 21 asingeweza kufika huko hata kwa ushindi wa mwisho. Ingebaki Watkins Glen. Ferrari hakwenda Watkins Glen: akiwa katika matanga na mwenye ubingwa mkononi, aliondoa kikosi chake. Je, angekwenda kama Hill angemhitaji aende? Huenda angekwenda, na Hill angelazimika kupigana na jina lililoandikwa ubaoni, la mtu asiyeweza kujitetea. Au angekaa nyumbani, na von Trips angekuwa bingwa kaburini, kama alivyokuja kuwa Jochen Rindt, aliyekufa katika mazoezi ya Monza, akiikaribia kona ile ile, mwaka 1970. Kwa njia zote mbili uamuzi usingekuwa wa dereva yeyote, hai wala mfu. Ungekuwa wa mtu mmoja huko Maranello. Kama ulivyokuwa tangu mwanzo wa mwaka.

Yapasa hoja hii isivutwe kupita kiasi. Si kweli kwamba Enzo Ferrari angemteua mmoja wao, von Trips asingekufa. Aliyegusana naye hakuwa Hill, alikuwa Clark. Miaka 17 baadaye kamili, tarehe 10 Septemba, 1978, Mario Andretti, mzaliwa wa Italia aliyekuwa raia wa Marekani, alipata ubingwa katika uwanja huo huo wa Monza, akiwa katika kikosi cha Lotus ambacho mkuu wake, Colin Chapman, alikuwa amekwisha kuamua nani mkubwa na nani mdogo. Na yule mdogo, Ronnie Peterson wa Uswidi, aliumia katika ajali ya mwanzo wa mbio akafariki siku iliyofuata. Mauti hayakungoja mgogoro wa madaraka. Lakini iko tofauti kati ya hatari ambayo mtu huichukua kwa kuwa mchezo wenyewe ni wa hatari, na msukumo ambao mwenye mali huuongeza juu ya hatari hiyo kwa kuwa umemfaa. Von Trips alipoanza vibaya siku ile, aliyekuwa mbele yake alikuwa Hill. Kwa mtu anayeongoza kwa alama nne, katika mbio za mizunguko 43, kuharakisha katika mzunguko wa pili kwaweza kuonekana ni ujinga; kwa mtu ambaye hakuahidiwa lolote na kiwanda chake, kila mzunguko ni wa mwisho.

Mwaka ule Ferrari alipata kwa mara ya kwanza kikombe cha waundaji, ambacho kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1958. Faida ya zizi ilikuwa timilifu.

Von Trips alizikwa kwao. Hill na Ginther walikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza. Watkins Glen, tarehe 8 Oktoba, Mwingereza Innes Ireland alishinda mbele ya Wamarekani waliokuwa wamekuja kumwona bingwa wao, na bingwa wao hakuwa na motokaa ya kuendesha. Kabla mwaka haujaisha, wakuu wanane wa kiwanda cha Ferrari, Chiti akiwa mmoja wao, waliondoka kwa ugomvi uliohusu jinsi mke wa Ferrari alivyoingilia kazi zao. Hill alibaki, akashinda Le Mans mara ya tatu mwaka 1962, lakini katika mashindano ya ubingwa hakushinda hata moja mwaka huo. Waingereza walikuwa wamepata injini zao. Mwaka 1963 akawafuata Chiti na wenziwe katika kikosi kipya cha ATS, ambacho hakikufaulu. Hakushinda tena shindano la ubingwa wa dunia. Aliacha mbio mwaka 1967, akarudi Santa Monica, akatumia miaka yake iliyobaki kutengeneza upya motokaa za kale na vile vinanda vyake, kazi aliyoifanya kwa ustadi mkubwa. Alifariki tarehe 28 Agosti, 2008, akiwa na umri wa miaka 81.

Njia ya saruji ya Monza haikutumiwa tena katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Na zile motokaa zenye pua ya papa, Enzo Ferrari aliamuru zivunjwe zilipokwisha kazi. Leo haipo hata moja iliyosalia. Zionekanazo katika maonyesho ni nakala zilizoundwa baadaye.